Nakuandikia Nikiwa Dukani

Bweni la Chuo, chumba cha mwisho ghorofani
8 Februari 1987

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hapa wazima, ila mimi nimepewa onyo na mkutubi, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Kisa ni ramani. Ukutani mwa maktaba yetu kuna ramani kubwa ya nchi nzima na, huwezi kuamini, mji wetu haumo. Haumo kabisa! Mto upo, daraja lipo, halafu ng'ambo ya daraja kuna nukta nyekundu na jina la mji wa wale watu kwa herufi nene, kana kwamba wao ndio waliolijenga hilo daraja. Upande wetu peupe. Mji wenye kiwanda cha nyuzi! Mji ambao honi yake ya asubuhi inaamsha mpaka wavivu wa ng'ambo! Basi nikapanda kiti, nikauweka kwa wino, nukta na jina, herufi nene kuliko zao. Mkutubi akanikuta bado niko juu ya kiti.

Chupa alicheka mpaka akaketi sakafuni. Chupa ni yule mwenzangu wa chumbani, mwenye miwani minene kama vitako vya chupa. Tangu siku hiyo darasa zima linaniita Balozi. "Balozi, kwenu mna taa?" "Balozi, mkitaka kwenda mjini mnatokea wapi?" Nikawaambia wafunge midomo wasikilize. Kwetu mtu ananyolewa, anapiga picha na anatiwa soli ya kiatu bila kuvuka barabara. Maji ya bomba letu hayachemshwi. Milango ya nyumba za wafanyakazi wa kiwanda yote ni ya buluu, ukisimama kilimani unaiona imejipanga kama wanafunzi wenye sare. Niliwahutubia mpaka taa zikazimwa. Chupa akasema nimekosa kazi ya kutangaza mpira.

Sasa habari yenyewe. Sisi tulio juu darasani tumepangiwa kazi mapema, na wa kwanza ni mimi. Unajua wamenipeleka wapi? Ng'ambo! Afisa mipango miji msaidizi, halmashauri ya ng'ambo, na nyumba ya kuishi wanatoa wao. Nilidhani ni utani. Mimi, mtoto wa kinyozi aliyeapa mbele ya duka lake kwamba hatavuka lile daraja wala kugusa kichwa cha mtu wa kule, eti nikawapangie mitaa! Watu wanaosalimia kama wanakukopesha! Siitaki. Natakiwa kujibu kabla ya katikati ya Machi, na jibu langu liko tayari. Nikimaliza mitihani narudi nyumbani, nakichukua kile chumba kilicho kando ya duka la Baba, naweka meza ya kuchorea, halafu mtaona.

Usimwambie Baba. Nataka kumshtukiza.

Mdogo wako,
Balozi (jina nimelikubali)


14 Februari 1987

Baba,

Shikamoo. Naandika wakati wa mapumziko, na leo mwanafunzi kanitia mtaroni. Kazi yangu ya kufundisha udereva unaijua: siku nzima nimekaa kiti cha pembeni, mguu juu ya breki ya pili, nangoja mtu mwingine akosee. Nikirudi nyumbani nataka kuvua viatu. Sitaki kukuta barua ya mwanao mlangoni na kuanza kutafuta breki tena.

Ameniambia nisikuambie. Nakuambia. Mwanao amekuwa wa kwanza darasani, amepewa kazi nzuri na nyumba juu, na anaikataa. Anaikataa kwa sababu iko ng'ambo. Anataka aje kukaa na wewe, kando ya duka lako, katika ule mji ambao wewe mwenyewe huishi tena!

Baba, jamani. Ofisi aliyopangiwa, kwa jinsi ulivyonieleza, iko mtaa wa pili kutoka ulipo sasa. Angekuja kwako kunywa chai saa nne na kurudi kazini chai haijapoa. Na hajui, kwa sababu ulinifunga mdomo. Tangu mwaka jana kiwanda kilipofungwa, tangu ulipokokota kile kiti cha kunyolea kwenye mkokoteni ukakivusha daraja peke yako alfajiri watu wasikuone, umeniapisha kwa jina la marehemu Mama nisimwambie. Ukamwandikia kwamba kiwanda kiko "kwenye matengenezo." Matengenezo gani ya mwaka mzima, Baba? Hata yule mwanafunzi wangu wa mtaroni gari lake limeshatoka gereji.

Mwambie. Wiki hii. Usinilazimishe kuvunja kiapo, maana nitakivunja, na marehemu Mama atanielewa. Yeye mwenyewe alikuwa hawezi kuvumilia ujinga.

Binti yako


20 Februari 1987

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Pole na mtaro. Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Hasira zako ni za mama yako, hilo sina la kukuambia.

Furaha niliyoipata kusikia mdogo wako ni wa kwanza siwezi kuieleza. Wateja wote nimewaambia. Aliyekuwa kitini nilimwambia nikimsokota kichwa huku na huku, mpaka akaniomba nipunguze furaha kidogo kwa usalama wa sikio lake.

Lakini hilo la pili, mama, si jepesi kama unavyolisema. Wewe uliolewa ukaenda zako, mji kwako ni mahali ulipozaliwa. Yule mtoto nilimlea peke yangu humo dukani. Kila jioni nilimweka kwenye benchi la wateja, na hadithi niliyokuwa nayo ni moja tu, mji wetu na ubaya wa watu wa ng'ambo. Siku anaondoka kwenda chuo alinishika mkono pale kituoni akasema, "Baba, usikubali watuchukulie mji." Nikamwahidi. Leo nimwambieje kwamba niliyefunga mlango ni mimi?

Nami sikukimbia, usidhani. Kiwanda kilipofungwa vichwa vilianza kuvuka daraja, leo viwili, kesho familia nzima. Nilikaa. Nikakaa mpaka mteja wangu wa kudumu akabaki fundi viatu Gundi, na Gundi ana upara. Kila asubuhi alikuja kuketi kwenye kiti ili mtu akipita aone duka lina mteja. Sasa ningeishi kwa upara wa Gundi?

Tena simdanganyi. Hapa nataka unielewe vizuri. Barua zake zinafika kwa Gundi kama zamani. Kila Jumapili navuka, nafungua duka, nafuta vumbi, naketi kwenye benchi letu na kumwandikia kutoka palepale. Kila neno ninalomwandikia ni kweli wakati ninapoliandika.

Nitamwambia. Nipe nafasi.

Baba yako


1 Machi 1987, Jumapili

Kijana wangu,

Nakuandikia nikiwa dukani kwetu, kwenye benchi la wateja, jua linaingia kwa lile dirisha la mtaani kama unavyolijua. Leo hakuna foleni. Gundi amepita kunijulia hali, anakusalimu sana, anauliza kama viatu vyako bado vina ile soli yake. Mtaa umetulia. Mtu anaweza kukaa hapa akasikia mawazo yake yote.

Kiwanda bado.

Mwanangu, kuna jambo nataka tuzungumze, nalo ni kuhusu daraja. Siku hizi wamelitengeneza, wameweka na vyuma vya kushikilia pembeni. Mtu akilivuka si kwamba ameua. Mimi nilipokuwa kijana nilisema maneno mengi, na kijana akisema mbele ya duka lake, watu wanamsikiliza, basi anaendelea. Ukipewa kazi mahali fulani, popote pale, tazama kazi, usitazame mahali. Mimi nitakuwa radhi. Hata kama ni karibu na daraja. Hata kama ni baada ya daraja kidogo.

Karatasi inaisha. Soma kwa bidii.

Baba yako


4 Machi 1987

Mdogo wangu,

Keti chini. Kama umekaa, simama kwanza halafu uketi vizuri.

Baba hayupo kule nyumbani. Amehama tangu mwaka jana. Kiwanda hakiko kwenye matengenezo, kimefungwa, mashine zimepakiwa kwenye malori zikaondoka, na watu wakazifuata. Baba ana duka jipya na anaishi chumba cha nyuma yake. Ng'ambo. Naam, umesoma sawasawa, ng'ambo. Ananyoa wale unaosema wanasalimia kama wanakukopesha, na wanampenda. Aliniapisha nisikwambie kwa sababu anakuonea haya. Wewe, mtoto ambaye yeye ndiye aliyekufundisha kufuta pua, anakuonea haya!

Kwa hiyo hicho chumba unachotaka kuweka meza yako kina kufuli na vumbi. Na kazi unayoikataa iko mtaa wa pili kutoka kwa baba yako. Nimechoka kuwa posta yenu. Yeye ananiandikia siri zake, wewe unaniandikia zako, halafu nyinyi wawili mnaandikiana salamu za Gundi.

Usikatae hiyo kazi. Nakuomba, na mimi si mtu wa kuomba, unanijua. Angalau nenda kwanza nyumbani ukaone kwa macho yako.

Dada yako


10 Machi 1987

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata siku moja na ya Baba. Niliziweka mezani, moja kulia, moja kushoto, na nimeona niseme wazi kwamba umeniumiza.

Baba anaandika: "Nakuandikia nikiwa dukani kwetu, kwenye benchi la wateja." Tarehe iko juu, Jumapili ya tarehe mosi mwezi huu. Analieleza dirisha. Analieleza jua. Gundi amepita. Sasa niambie, mtu aliyehamia ng'ambo anaandikaje akiwa kwenye benchi letu? Ana mapacha? Baba ana mambo yake, lakini hajawahi kuniambia uongo hata siku moja, na wewe unalijua hilo.

Najua unanitakia mema. Unataka niwe na nyumba, nivae tai, nisihangaike. Lakini mji huo hukuupenda tangu zamani. Ulikuwa unaziba masikio honi ikilia. Ukaolewa mbali, hata likizo ukawa unaona uvivu kuja. Sawa, kila mtu na moyo wake. Ila kumtungia mzee wa watu kwamba amekwenda kunyoa kule, baada ya yote aliyoyaapa, hapo umepitiliza.

Tena barua yake nimeielewa kuliko unavyodhani. Anazunguka na habari za daraja, sijui vyuma vya kushikilia, sijui atakuwa radhi. Ni wazi umemwambia habari za kazi ile ingawa nilikukataza, naye mzee anajikaza kunipa ruhusa niende. Nilipofika kwenye "baada ya daraja kidogo" machozi yalinitoka. Yuko peke yake kwenye benchi, hakuna foleni, na bado ananiruhusu nimwache! Ndiyo maana leo asubuhi nimekwenda ofisi ya mkuu wa chuo nikaikataa kazi kwa mdomo na kwa maandishi. Amepewa aliyefuata, na aliyefuata ni Chupa. Amenishukuru mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

Nikimaliza mitihani naenda nyumbani. Sina kinyongo na wewe.

Mdogo wako,
Balozi


15 Machi 1987

Baba,

Shikamoo, na hiyo ndiyo heshima yote niliyobaki nayo leo.

Nilikivunja kiapo. Nilimwambia kila kitu, neno kwa neno, na hakuniamini. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya benchi! Kwa sababu ya jua lako la dirishani na Gundi wako anayepita! Ukweli wangu umeshindwa na ukweli wako wa Jumapili. Ameniita mwongo kwa adabu kabisa, akanisamehe, halafu akaenda kuikataa kazi. Imekwenda kwa mwingine. Imeisha hiyo.

Na lile uliloliandika la "baada ya daraja kidogo," Baba, amelilia. Alidhani unajitoa mhanga. Ungeandika mstari mmoja tu: mwanangu, nimehama, niko ng'ambo, duka lina watu, njoo. Mstari mmoja! Badala yake ukamweleza vyuma vya kushikilia.

Nina wanafunzi wanaokanyaga mafuta wakidhani ni breki. Wao nawaelewa, wameanza juzi. Nyinyi wawili siwawezi. Sasa nimeondoa mguu. Endesheni wenyewe.

Mwandikie leo. Na usivuke daraja kwenda kumwandikia. Mwandikie hapohapo ulipo.

Binti yako


22 Machi 1987

Mwanangu,

Marahaba. Umesema kweli yote na sina pa kujificha.

Nimeketi kumwandikia hapa ng'ambo kama ulivyoagiza. Nimeandika "Kijana wangu, nakuandikia nikiwa," nikakwama hapo. Wateja waliingia, nikanyoa, nikarudi, bado "nikiwa." Mkono wa kushika wembe hautetemeki hata siku moja, wa kushika kalamu umenitia aibu.

Nimefikiri pia kwamba sasa anajiandaa kwa mitihani. Nikimwambia leo, kichwa chake kitavurugika, atafeli, nitakuwa nimemharibia mara mbili. Acha amalize. Akimaliza tu nitamwambia, tena uso kwa uso. Alisema yeye mwenyewe atakuja mwezi wa nane.

Usinune, mama.

Baba yako


28 Machi 1987

Baba,

Nimenuna.

Binti yako


9 Julai 1987
Chumba cha nyuma, kwa Baba

Dada yangu,

Shikamoo. Usiseme "nilikuambia." Nakuomba sana. Limesemwa na Gundi, limesemwa na dereva wa lori lililonileta, na Baba naye, bila haya, amelisema kuhusu wewe: "Dada yako alituambia." Sisi sote tumekiri. Usiongeze.

Mitihani iliisha mapema kuliko nilivyomwambia Baba, nikafika nyumbani juzi, Jumanne, bila taarifa. Nilitaka kumshtukiza, unakumbuka. Nilishuka na sanduku langu na bomba la kuwekea michoro, nikashika ule mtaa wetu nikitabasamu kama mwendawazimu, nikingoja mtu aniite. Hakuna aliyeniita. Milango ya buluu imebabuka, mingine imeng'olewa, unaona mpaka uani. Kwa mpiga picha kuna mbao zimepigiliwa. Nikafika dukani. Kufuli.

Gundi alikuwa barazani kwake anashona mkoba. Akanyanyua macho, akaniambia kama vile tuliachana jana, "Ah, umekosea siku. Baba yako huja Jumapili."

"Huja kufanya nini?"

"Kuandika. Si barua zako?"

Nilikaa kwenye ngazi ya duka sijui muda gani. Dada, nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Kwanza kwa Baba. Halafu kwako, kwa kuwa ulikuwa sahihi. Halafu kwangu, na hapo nikakaa zaidi. Gundi akaniletea maji kwenye kikombe akasema niyaache yatulie kwanza, siku hizi yanatoka na udongo.

Basi nikalivuka. Vyuma vya kushikilia kweli vipo.

Duka lake hulikosi, unasikia sauti yake kabla hujaona kibao. Watu wamejaa mpaka nje. Nikaingia nikakaa mwisho wa benchi, nikajifunika gazeti la mtu, kwa sababu nilitaka nimtazame kwanza kabla ya kumgombeza. Yuko ndani ya koti jeupe, amenenepa, amepata rangi. Na unajua alikuwa anasema nini? "Kwetu, waungwana, maji ya bomba hayachemshwi!" Benchi zima likajibu, "Tunajua, mzee." "Kwetu mtu ananyolewa, anapiga picha…" "Anatiwa soli ya kiatu!" wakammalizia kwa pamoja. "Na kijana wangu ni wa kwanza katika chuo kizima." "Mzee, nyoa!" Loo! Kumbe kule chuoni mimi nilikuwa namwigiza tu. Hata zile pumzi anazovuta kabla ya neno "kwetu" ni zangu. Nikashindwa hata kukasirika vizuri.

Aliyekuwa kitini alikuwa Chupa. Ndiyo, Chupa, aliondoka chuoni wiki mbili kabla yangu, ameshaanza kazi. Miwani yake ilikuwa kwenye rafu, kwa hiyo mbele yake kulikuwa na ukungu mtupu, asingeniona hata ningempungia mkono. Naye akamwambia Baba, povu likiwa mpaka machoni, "Mzee, huo mji wako unaousifu, mimi ndiye niliyekabidhiwa."

Baba akasimamisha wembe.

Chupa akaeleza. Kiwanda kilipofungwa, halmashauri ya upande wetu ilivunjwa, sasa ng'ambo wanasimamia kingo zote mbili. Kazi ya kwanza aliyopewa ni kuandika ripoti kuhusu mji wetu: je, uwekewe mabomba mapya, au waliobaki wahamishwe na maji yafungwe. "Sijawahi kufika," akasema. "Hapa kila mtu ananiambia hakuna kitu kule. Kuna jamaa wa hukohuko tulikuwa naye chumba kimoja, anausifu kama wewe, angejua pa kuanzia. Lakini huyo ndiye aliyeikataa kazi hii, mzee. Sijui alifikiria nini."

Dada, ofisi niliyoitemea mate ndiyo inayoshika bomba letu. Nilisoma neno "ng'ambo" nikaacha kusoma. Sikuuliza mtu, sikuandika hata swali moja. Gazeti likanishuka lenyewe.

Baba akaniona kwenye kioo. Tukatazamana humo humo kiooni, mdomo wake ukachezacheza, nikajua sasa atasema jambo la maana. Akasema, "Subiri zamu yako."

Watu walicheka bila kujua wanacheka nini. Chupa alipapasa miwani, akaivaa juu ya povu, akageuka. "Balozi!" Nusu ya shavu ina ndevu na nusu haina. Baba akaketi kwenye benchi lake mwenyewe, akajipangusa uso kwa taulo ya mteja.

Tuligombana usiku, ndiyo. Nilimwambia, "Uliandika uko dukani!" Akasema, "Nilikuwa dukani." Nikasema, "Baba!" Akasema, "Na wewe uliandika utakuja mwezi wa nane." Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba aliogopa nikijua ameondoka nitaona sina kwetu.

Jana nikampeleka Chupa kwetu. Nilijitolea mwenyewe, bila cheo wala mshahara, na nimemwambia nitakwenda naye kila siku mpaka ripoti yake iishe. Njia nzima nilizungumza. Nikamwonyesha mahali honi ilipokuwa, nikamwonyesha uwanja, nikamwambia habari za golikipa wetu. Alinivumilia mpaka mwisho wa mtaa wa kiwanda, akafungua kalamu.

"Balozi, nisaidie. Nyumba ngapi zina watu?"

Nikaanza kuhesabu milango kwa kidole.

"Maji yanatoka siku gani? Watoto wanasoma wapi? Nani anawasha pampu?"

Nikamwambia sijui. Katika yote niliyowahi kuyasema kuhusu mji wetu, hilo sikuwahi kulisema. Chupa hakucheka. Afadhali angecheka.

Nikaenda kwenye mlango wa buluu uliokuwa karibu, wenye moshi wa jiko nyuma yake, nikabisha. Akatoka mama mmoja amembeba mtoto mgongoni. Simjui. Wako wengi, wamekuja baada ya wetu kuondoka, wakaingia kwenye nyumba zilizoachwa, na sasa pale ndipo kwao. Akanitazama kuanzia viatu, akamtazama Chupa na kalamu yake, akauliza bila hata kutukaribisha, "Nyinyi ni wa ng'ambo?"

Nyuma yangu Chupa alikohoa. Nikamwambia yule mama ndiyo, mimi natoka ng'ambo, mji huu siujui, naomba anieleze.

Mdogo wako